Miaka Thelathini Baada ya Kuokoka

Muulize mlokole wa Bukoba, wa Kabale au wa Murang'a aliokoka lini. Atakutajia mwaka, mara nyingi na siku yenyewe. Atakueleza ulikuwa mkutano gani, nani alisimama kuhubiri na ni mstari upi uliomchoma moyo. Ushuhuda huo ameutoa mara nyingi hadi umenyooka. Kisha muulize swali la pili: katika miaka hii mitano iliyopita, Kristo amekubadilisha wapi? Hapo wengi husita. Baadhi watarudi kwenye ushuhuda wa siku ya kwanza, kana kwamba tangu hapo hakujatokea jambo la kusimulia.

Kusita huko siwalaumu wao. Makanisa yetu yamejipanga vizuri kwa ajili ya mwanzo. Tuna mikutano ya injili yenye jukwaa na vipaza sauti, tuna sala ya toba, tuna madarasa ya ubatizo na mafundisho ya kipaimara. Kwa ajili ya mwisho pia tumejipanga: msiba wa Mkristo una ratiba, una kwaya na una mchungaji wa zamu. Katikati ndipo tulipoacha wazi. Kijana wa Kilutheri au wa Kianglikana hupata kipaimara akiwa na miaka kumi na minne au kumi na mitano, na kwa wengi hayo ndiyo mafundisho ya mwisho ya imani wanayoketi kuyasoma kwa utaratibu. Miaka ishirini na mitano baadaye ndoa yake imepoa, au amemzika mtoto, au amepata cheo kazini na ameanza kuzoea bahasha. Maswali yake ni ya mtu mzima aliyepigwa na maisha, na majibu aliyonayo ni yale aliyokariri ili apite mtihani wa mchungaji.

Kwa kuwa katikati hakuna mafundisho, tumetafuta vipimo vya kuazima. Tunapima ukuaji kwa idadi ya miaka ya wokovu, kwa cheo kanisani, kwa uwezo wa kuomba kwa sauti usiku kucha, kwa ukubwa wa sadaka. Mtu anaweza kuwa navyo vyote hivyo na bado nyumbani kwake watoto wananyamaza ghafla wakisikia lango linafunguliwa.

Maandiko hayajatuficha jambo hili. Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, miaka mingi baada ya njia ya Dameski, baada ya makanisa aliyoyapanda na mapigo aliyoyapokea, akasema: "Si kwamba nimekwisha kufika, au nimekwisha kuwa mkamilifu, la! Bali nakaza mwendo." Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa Petro kule Antiokia, katika sura ya pili ya Wagalatia. Huyu ndiye aliyehubiri siku ya Pentekoste. Ndiye aliyeona maono kule Yafa, akaingia nyumbani kwa Kornelio na kula na watu wasiotahiriwa. Mafundisho alikuwa nayo, na Roho alikuwa naye. Hata hivyo, walipofika watu kutoka kwa Yakobo, alijitenga na meza ya Mataifa kwa kuwaogopa, hadi Paulo akamshutumu mbele ya wote. Tazama dhambi yenyewe ilikuwa ipi. Ni hofu ya watu, ileile iliyomfanya amkane Bwana wake mbele ya kijakazi katika ua wa kuhani mkuu. Alikuwa amesamehewa, amerudishwa kazini na kujazwa Roho, na bado hofu ile ilikuwa na mahali pa kujificha ndani yake. Ilihitaji hali mpya ili ionekane, na ilihitaji ndugu wa kuitaja.

Kwa maoni yangu, kiini cha jambo lote kiko hapo. Hatukui kwa sababu miaka imepita, wala kwa sababu ibada imekuwa ya moto. Tunakua pale ambapo mtu aliyekwisha kuamini siku nyingi bado anajulikana na wenzake, na bado anaweza kutubu jambo jipya bila kuona haya ya cheo chake. Sisi wa Afrika Mashariki tunayo historia yetu wenyewe inayoonyesha hilo likifanya kazi, na pia likikwama.

Septemba 1929, katika kilima cha Namirembe, Kampala, watu wawili walikutana kusoma Biblia na kuomba pamoja kwa siku mbili. Mmoja alikuwa Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kazi ya serikali katika idara ya afya. Mwingine alikuwa daktari Mwingereza, Joe Church, aliyefika Kampala akiwa amechoka na kukata tamaa kutoka hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda. Wote wawili walikuwa tayari Wakristo. Hawakukutana ili waokoke. Walikutana kwa sababu waliona imani waliyo nayo haiwatoshi. Kutokana na urafiki huo, na kazi ya watu kama Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi aliyekuwa akifundisha wainjilisti Gahini, Uamsho wa Afrika Mashariki, lile vuguvugu la toba lililozaa walokole, ulienea katika miaka ya 1930 hadi Uganda nzima, Kenya, Burundi na Tanganyika. Kigozi alifariki Januari 1936, muda mfupi kabla ya sinodi ya Kanisa la Uganda aliyokuwa amejiandaa kuihutubia, na neno aliloacha lilikuwa moja: zukuka, yaani amka. Aliokusudia kuwaambia hivyo walikuwa maaskofu, wachungaji na wazee wa kanisa.

Watu wanapoukumbuka Uamsho hukumbuka machozi, nyimbo na umati. Mimi naona kilichoufanya udumu kizazi baada ya kizazi ni kitu kilichoonekana kidogo zaidi: ule ushirika wa ndugu kila wiki. Walikutana wachache, wake kwa waume, msomi na mkulima, wakasoma Neno, kisha kila mtu akaeleza anavyotembea na Bwana wiki ile. Waliita jambo hilo kutembea nuruni, kwa mujibu wa Yohana: "bali tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi, na damu yake Yesu, Mwana wake, yatusafisha dhambi yote." Aliyemwibia tajiri wake alikwenda kurudisha. Aliyemsema mwenzake vibaya alimwendea. Na aliyekuwa na miaka ishirini ya wokovu alitubu kama aliyeokoka jana, bila mtu kushangaa. Hapo ndipo mahali pa katikati tulipopapoteza.

Mtu anayenisaidia kuuona ukuaji huo katika maisha halisi ni Festo Kivengere. Aliokoka mwaka 1941 huko Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, akiwa mwalimu mlevi aliyechoshwa na dini ya utotoni. Moja ya mambo ya kwanza aliyoyafanya lilikuwa kupanda baiskeli mwendo wa maili hamsini hivi ili kumwomba msamaha Mzungu mmoja ambaye yeye Kivengere alikuwa akimchukia. Wahubiri wengi wanaisimulia habari hiyo, na ni nzuri. Lakini ni ya mwanzo.

Katikati ya miaka ya 1940 yeye na mkewe Mera walihamia Dodoma, wakafundisha huko kwa miaka kadhaa, na Kiswahili chake kikakomaa kiasi kwamba mhubiri Mmarekani Billy Graham alipohubiri Moshi mwaka 1960, aliyemtafsiria alikuwa Kivengere. Kwa hesabu zetu za kawaida mtu wa namna hiyo amekwisha kukua. Yeye mwenyewe alipenda kueleza habari nyingine. Aligombana na Mera muda mfupi kabla ya kwenda kuhubiri, akataka kuondoka hivyohivyo kwa kuwa watu walikuwa wanamsubiri. Moyoni akasikia Roho akimwambia kwamba yeye anaweza kwenda kuhubiri akitaka, ila Roho atabaki pale na Mera. Ikabidi arudi kwa mkewe kwanza. Ni jambo dogo la nyumbani, lakini angalia jinsi lilivyo tofauti na lile la baiskeli. Kumwendea Mzungu ulikuwa ujasiri wa mwongofu mpya, wa mara moja, na kila aliyesikia alistaajabu. Kurudi kwa mke wako wakati mkutano unakusubiri ni kazi inayorudiwa kila mwezi na hakuna anayekupigia makofi.

Kisha likaja jaribu kubwa zaidi. Kivengere alikuwa askofu wa Kigezi tangu 1972, katika Uganda ya Idi Amin. Tarehe 16 Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum, ndugu mwenzake katika Uamsho aliyeokoka Januari 1948, aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Serikali ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Siku chache baadaye Kivengere na Mera walivuka milima kwa miguu usiku na kuingia Rwanda. Ijumaa Kuu ya mwaka huo ilimkuta London, ameketi nyuma katika kanisa la All Souls. Alisimulia baadaye kwamba pale, akitafakari maneno ya msalabani, "Baba, uwasamehe, kwa kuwa hawajui watendalo," alitambua kuwa moyo wake umejaa uchungu na chuki dhidi ya Amin, na kwamba inampasa kutubu chuki hiyo na kumsamehe.

Kwangu mimi hili lina uzito kuliko ile safari ya baiskeli. Alikuwa na miaka thelathini na sita ya wokovu. Alikuwa askofu, mkimbizi, na rafiki yake ameuawa. Hakuna Mkristo duniani ambaye angemlaumu kwa chuki ile. Wengi wangeiita hasira ya haki. Aliyeweza kuigundua kuwa ni dhambi alikuwa mtu mwenye mazoea ya miaka thelathini na sita ya kujiweka nuruni, akianza na madogo ya jikoni. Nisieleweke vibaya: kumsamehe Amin hakukumfanya anyamaze. Aliendelea kueleza ulimwengu maovu ya utawala ule, na baada ya Amin kuanguka mwaka 1979 alirudi nyumbani kulijenga kanisa. Wala hakuishia hapo kubadilika. Mwaka 1983, akiwa na umri wa zaidi ya miaka sitini, aliwawekea mikono wanawake kuwa makasisi katika dayosisi yake, jambo ambalo sehemu kubwa ya Ushirika wa Anglikana duniani ilikuwa bado inalibishania. Alifariki 1988.

Ningependa kuishia kwenye sifa, lakini historia ya Uamsho ina upande wa pili, na anayelipenda jambo hili hana ruhusa ya kuuficha. Mapema tu, mwaka 1941, wanafunzi ishirini na sita wa chuo cha theolojia cha Mukono, wakiongozwa na William Nagenda, walifukuzwa baada ya kuvutana na wakuu wa chuo. Kulikuwa na ugumu pande zote mbili, na kwa upande wa ndugu ulikuwepo wepesi wa kumwona kila asiyetubu kwa namna yao kuwa hajaokoka. Kuanzia miaka ya 1970, kundi lililojiita Waliozukuka nchini Uganda lilisisitiza kuzukuka upya kiasi cha kuhesabu hata kuchukua mkopo kuwa dhambi ya kutubiwa hadharani. Hapo toba ilibaki lakini orodha iliganda. Kila mtu alijua mapema ni yapi yanayotubiwa: pombe, uzinzi, wizi, uongo, mavazi, mkopo. Mtu angeweza kuikamilisha orodha yote na bado sehemu kubwa ya moyo wake haijafikiwa na nuru.

Gharama ya jambo hilo ilionekana Rwanda, nchi ambamo Gahini ipo. Mwaka 1994, katika nchi ambayo walio wengi sana walikuwa Wakristo waliobatizwa, watu waliuawa ndani ya makanisa, kwa mikono ya waliokuwa wakiketi nao ibadani. Haitakuwa haki kuutupia Uamsho lawama ya mauaji ya kimbari. Siasa, ukoloni na propaganda vina sehemu kubwa. Wapo pia walokole, Wahutu kwa Watutsi, waliokataa kugawanyika, wakawaficha majirani zao, na baadhi wakafa kwa ajili hiyo. Lakini swali linabaki, na ni zito. Iweje watu waliofundishwa kuungama hata senti waliyomwibia mwenye duka wasifundishwe kuungama kwamba wanamdharau mtu kwa sababu ya kabila lake? Chuki ya kabila haikuwa kwenye orodha. Ilikuwa imekaa moyoni muda mrefu, kwa heshima zote, kama hofu ya Petro.

Kinyume chake kilionekana Kenya miaka ya 1950. Wakati wa Mau Mau, ndugu wengi wa Uamsho katika nchi ya Wakikuyu walikataa kula kiapo, na wengi wao walikataa pia kushika bunduki za serikali ya kikoloni. Waliteswa, baadhi wakauawa. Unaweza kubishana nao kuhusu siasa, na Wakenya wengi wamebishana nao kwa haki kabisa. Lakini huwezi kukana kwamba imani yao ilikuwa imefika mahali pagumu, hadi kwenye suala la kumwaga damu, ikapita zaidi ya mambo ya pombe na mavazi.

Sasa tujitazame sisi. Leo katika miji yetu imani inauzwa kama tukio. Kuna usiku wa muujiza, kuna mafuta ya upako, kuna mbegu ya kupanda ili mlango ufunguke Jumatatu. Mwamini anafundishwa kusubiri badiliko kutoka nje: kazi mpya, viza, mchumba, jirani mchawi kushindwa. Mateso yakimpata anaambiwa imani yake ni ndogo, anaongeza sadaka. Mafundisho haya yanawadumaza watu, na nasema hivyo nikiwa nawahurumia wanaokwenda huko, kwa kuwa wengi wao wanakimbia makanisa ambayo hayakuwa na la kuwaambia kuhusu maisha yao ya kila siku.

Makanisa ya zamani yasijione salama. Katika miaka ya 1970 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia AMECEA, umoja wao wa kikanda, walichagua kulijenga kanisa juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, na Walutheri na Waanglikana nao wana jumuiya zao mitaani. Ni mpango bora. Nyumba kumi au kumi na tano, Neno la Mungu, majirani wanaojuana kwa majina na kwa shida zao. Huwezi kubuni mahali pazuri zaidi pa mtu mzima kukua. Lakini hudhuria jumuiya nyingi uone muda unavyokwenda. Wimbo, somo, tafakari ya dakika chache, kisha daftari linafunguliwa: mchango wa ujenzi, mchango wa sikukuu, mchango wa harusi, fulani hajamaliza ahadi yake. Asiye na pesa anaanza kukosa. Na hata wenye pesa hawana nafasi ya kusema kwamba wiki hii wamemkosea mtu, kwa kuwa si kikao cha mambo hayo.

Jambo la kwanza la kufanya basi ni la kawaida kabisa: daftari la michango litoke kwenye jumuiya, lipelekwe kwa mhasibu wa usharika au wa parokia, na saa ile irudishwe kwa Neno na kwa watu. La pili ni kuwafundisha watu wazima. Kama tunaweza kumpa kijana mafundisho mfululizo kabla ya kipaimara, tunaweza kumpa mtu wa miaka arobaini mafundisho ya miezi mitatu juu ya fedha, hasira, kifo na kuzeeka. Walutheri hasa hawahitaji kuazima hoja hii kokote. Ya kwanza kati ya hoja 95 za Martin Luther za mwaka 1517 inasema Bwana alitaka maisha yote ya waamini yawe ya toba. Huko Bukoba urithi huo na moto wa Uamsho vilikutana katika mtu kama Askofu Josiah Kibira, aliyechaguliwa mwaka 1977 kuwa rais wa kwanza Mwafrika wa Shirikisho la Kilutheri Duniani.

La tatu ni gumu zaidi, nalo linawahusu viongozi. Mchungaji wetu wa leo anatubia wapi? Washarika wanamtaka awe amefika. Askofu ndiye mwajiri wake, kwa hiyo kumweleza udhaifu ni kuhatarisha kituo. Mchungaji mwenzake wa jirani ni mshindani wa kituo hichohicho. Mkewe anabeba yote kimya. Hivyo anapanda madhabahuni kila Jumapili kuwahimiza watu wafanye jambo ambalo yeye hana pa kulifanyia, na mwishowe anguko lake, likija, huja kubwa na huja kwenye simu za watu wote kwa siku moja. Ndugu wa Uamsho walilijua hili, ndiyo maana askofu aliketi katika ushirika uleule na mkulima, akaitwa ndugu kama wengine.

Petro alikemewa mbele ya wote na hakuacha kuwa mtume. Tunahitaji maaskofu watakaosimama wa kwanza mbele ya wachungaji wao na kutaja jambo moja la kweli wanaloshindana nalo sasa, si lile la mwaka waliookoka. Kila dayosisi ina kikao cha wachungaji kila mwaka, na kwa kawaida siku zake hujaa taarifa za mapato na uhamisho. Siku moja ya kikao hicho, bila ajenda nyingine, inatosha kuanzia.